Kompyuta ya i7 ya kizazi cha nne inashindwa picha 400 za droni: niiongezee vifaa au niachane nayo?

Mpimaji wa Uyole

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili na habari za kazi kwa wengine wote. Naleta kwenu suala la kompyuta ya mezani ambayo siwezi kuiita mbovu, kwa kuwa imenilisha kwa miaka minne sasa, lakini tangu msimu huu uanze imekuwa ikiniangusha mbele ya wateja, na nimefika mahali pa kuamua kama niiongezee vifaa au niiuze.

Kazi yangu ni kupima mashamba kwa droni, hasa mashamba ya parachichi ya Rungwe na Njombe, na mara chache kahawa upande wa Mbozi. Nikimaliza kurusha narudi nyumbani Uyole, naingiza picha kwenye WebODM, programu ya bure inayozishona ziwe ramani moja, kisha namkabidhi mteja ukubwa wa shamba, hesabu ya miche iliyoshika na alama za mashimo yaliyo wazi ili apandie upya kabla mvua hazijakatika. Droni yangu ni Phantom 4 Pro, ambayo kila picha yake ina megapikseli 20. Naruka mita 60 juu ya mahali ninapoondokea, picha zikipandana asilimia 80 kwa mbele na 65 kwa ubavu.

Kompyuta ni ya mtumba, ya zile za maofisini, yenye prosesa ya Intel Core i7-4790 ya mwaka 2014, viini 4 vinavyofanya kazi kama 8, RAM ya GB 16 aina ya DDR3, SSD (diski ya kasi) ya GB 240 iliyobeba Windows 10, na haddiski ya TB 1 ninayohifadhia picha. Haina kadi ya grafiki. Kwa kuandika ripoti, kuchora mipaka kwenye QGIS, programu ya ramani, na hata kufungua ramani zilizokwisha kushonwa, haijawahi kunichelewesha.

Shida ni kushona. Picha 100 hadi 130 inamaliza bila matatizo. Zikikaribia 200 ni bahati nasibu. Zikizidi 300 haijawahi kumaliza hata mara moja. Wiki iliyopita nilipima shamba la ekari 35 karibu na Tukuyu, likatoa picha 412. Niliianzisha saa mbili usiku, na nilipoamka saa tisa kuiangalia nikakuta mstari mwekundu unaosema kwamba kazi imesitishwa kwa kodi 137, yaani namba ya kosa. Nimerudia mara tatu, kila mara inafia mahali pale pale, baada ya saa tano au sita. Mteja amelipa nusu na anapanga kuchukua miche kitaluni Jumatatu ijayo, hivyo kila usiku unaopotea naupoteza pamoja naye.

Nimeuliza hapa mjini nikapata ushauri wa aina tatu. Duka moja la Mwanjelwa linasema ninunue kadi ya grafiki ya laki nne na nusu. Jirani yake anasema niiuze hii na kuchukua i7 ya kizazi cha 8 yenye RAM ya GB 16 kwa milioni moja na laki mbili. Rafiki yangu anasema niongeze RAM tu. Fedha niliyonayo haizidi laki tano, na naweza kukopa ikibidi, ila sitaki kukopa kwa ajili ya kitu ambacho hakitatibu ugonjwa. Naomba anayeijua kazi hii anielekeze.

Fundi wa Mlandege

Kamwene, ndugu mpimaji. Niko Iringa, na kompyuta za kundi hilo nazifungua karibu kila siku, kwa hiyo nitakueleza ninavyoziona.

Kabla ya kununua chochote, tenganisha mambo mawili ambayo maduka yote mawili yameyachanganya. Kazi inayochelewa ina tatizo la kasi, na kazi inayokufa ina tatizo la nafasi. Prosesa ikiwa dhaifu, picha zako 412 zitachukua siku mbili, lakini zitaisha. Kodi 137 si dalili ya udhaifu wa prosesa. Katika Linux, mfumo endeshi ambao mara nyingi WebODM inakaa juu yake hata ukiiendesha ndani ya Windows, programu iliyouawa kwa amri huandikiwa 128 pamoja na namba ya amri hiyo, na amri ya kuua bila majadiliano ni namba 9. Mara nyingi sana anayeitoa ni mfumo wenyewe baada ya kuona RAM imekwisha na hakuna pa kupumulia. Yaani kompyuta yako haikushindwa kufikiri, ilikosa mahali pa kuweka kile ilichokuwa inafikiria.

Sasa pima ushauri uliopewa kwa kipimo hicho. Ukichukua ile i7 ya kizazi cha 8 yenye GB 16 zile zile, itafia mahali pale pale, tofauti ni kwamba itafika hapo mapema zaidi. Kadi ya grafiki nayo haitaongeza hata GB moja ya RAM inayolalamikiwa, na kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakukuambia: kompyuta nyingi za ofisini za umri huo zina pawa saplai ndogo yenye plagi za kiwanda chake, zisizo na waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Utanunua kadi, kisha utaanza kutafuta pawa saplai, kisha utagundua kwamba pawa saplai ya kawaida haichomeki kwenye mazabodi hiyo.

RAM ndiyo njia, lakini naomba usikilize vizuri, kwa sababu hapa nilipoteza fedha yangu mwenyewe. Prosesa yako inapokea GB 32 tu, yaani vipande 4 vya GB 8, wala haitambui kipande cha DDR3 cha GB 16. Sokoni utakutana na vipande vya bei ya chini vilivyotolewa kwenye seva. Mwaka juzi nilinunua vinne kwa furaha kubwa. Viliingia kwenye tundu bila kulazimishwa, pengo lake likakaa sawasawa, na nilipowasha mashine ikalia mlio ule ule wa kukosa RAM hadi nikavitoa. Siri iko kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa juu ya kipande. Ikiandikwa PC3-12800U, au PC3L-12800U, hiyo ni ya kompyuta yako. Herufi ya mwisho ikiwa R, ni ya seva, mrudishie mwenye duka kabla hujatoka mlangoni.

Fungua kwanza kifuniko uniambie tundu ziko ngapi na zimejaa vipi. GB 16 inaweza kuwa vipande 2 vya GB 8 au 4 vya GB 4, na gharama yako inategemea hilo.

Mkazi wa Mafinga

Mkuu, mimi naona tofauti na fundi, ingawa namheshimu. Hii ni biashara, si kompyuta ya nyumbani. Kuna siku shamba la ekari 35 litakuwa la ekari 150, na mashine yenye kikomo cha GB 32 itakuwa imefika mwisho wake tena, na RAM ya DDR3 uliyoinunua haitahamia kwenye mashine nyingine yoyote ya kisasa. Prosesa ya i7-8700, iliyotoka mwishoni mwa 2017, ina viini 6 badala ya 4 na inatumia DDR4, kwa hiyo hata ukianza na GB 16, mlango wa kwenda 64 uko wazi.

Halafu kuna suala la Windows 10 ambalo hakuna aliyeligusa. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea, isipokuwa chache sana. Kizazi cha 4 hakimo. Ninayeandika haya nafanya kazi ya takwimu za misitu huku Mufindi, na sioni busara ya kuweka takwimu za wateja kwenye mashine ambayo mlango wake hauna tena wa kuukarabati. Kopa, nunua, ulipe kwa kazi tatu.

Mwalimu wa Ramani

Habari za jioni, ndugu mpimaji. Nafundisha masuala haya hapa hapa Mbeya, na maelezo yako yamenifanya nikae chini nihesabu, kwa sababu namba zako hazilingani na GB 16.

Watengenezaji wa OpenDroneMap, ambayo ndiyo injini iliyo ndani ya WebODM, wametoa makadirio yao wenyewe: GB 4 kwa picha 40, GB 16 kwa picha 250, GB 32 kwa picha 500, na GB 64 kwa picha 1,500. Ni makadirio, na ukubwa wa picha pamoja na ubora unaouchagua huyasogeza huku na kule. Lakini wewe unayumba kwenye picha 200 na unalala chali kwenye 300. Huo ni mwenendo wa mashine yenye nafasi ndogo kuliko 16.

Nadhani najua GB zako nyingine zilipo. Ukiweka WebODM ndani ya Windows kwa Docker, yaani programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kasha lake, Docker hiyo hukaa ndani ya Linux ndogo inayoitwa WSL 2, na hiyo Linux ndogo, usipoiambia vinginevyo, hupewa nusu tu ya RAM ya kompyuta. Wewe unasema GB 16, lakini programu inayofanya kazi haijawahi kuona zaidi ya 8. Thibitisha mwenyewe kabla ya kuniamini: fungua dirisha la amri, andika `docker info`, kisha tafuta mstari wa Total Memory. Ukisoma namba inayoanzia 7, tumepata mwizi.

Dawa ya haraka ni kuandika faili linaloitwa `.wslconfig` ndani ya folda yako ya mtumiaji, mstari wa kwanza ukiwa `[wsl2]` na wa pili `memory=12GB`, halafu utoe amri ya `wsl --shutdown` na kuanzisha Docker upya. Usiipe zote 16, kwa sababu Windows nayo inahitaji pa kukaa. Hilo halitakugharimu hata shilingi, na litakuambia mengi zaidi kuliko duka lolote.

Kuhusu hoja ya ndugu yetu wa Mafinga, nakubaliana naye juu ya Windows 10 na sikubaliani naye juu ya mkopo. Kompyuta hiyo ikiwekewa Ubuntu 24.04, aina mojawapo ya Linux, ambayo inapata masasisho hadi mwaka 2029, tatizo la usalama linakwisha, na papo hapo RAM yote inakuwa mali ya kazi kwa sababu hakuna tena Windows ya kugawana nayo. QGIS iko Linux. WebODM ilizaliwa Linux. Sijaona katika maelezo yako programu hata moja inayokulazimisha kubaki ulipo.

Mpima Parachichi Njombe

Naomba kuingiza neno la shambani, kwa maana wote mmeangalia mezani tu. Ndugu, mita 60 kwa hesabu ya miche ya nini?

Kwa kamera hiyo, mita 60 inakupa kama sentimita 1.6 kwa pikseli, na mita 100 inakupa kama 2.7. Idadi ya picha hupungua kwa mraba wa kimo, hivyo shamba lile lile la picha 412, likirushwa mita 100 kwa mpandano ule ule, lingetoa picha kama 150 tu, ambazo kompyuta yako tayari inazimudu. Mche wa mwaka mmoja wenye kichwa cha nusu mita utakuwa na zaidi ya pikseli 18 kwa upana. Unauona bila shaka yoyote. Mimi nahesabu hivyo msimu wa tatu huu, na betri zinazotumika ni nusu.

Mpimaji wa Uyole

Wakuu, nimesoma yote na nimefanya mliyoniagiza kwa siku mbili.

Mwalimu, mwizi tumempata. `docker info` imeandika 7.7. Nilikaa nikiitazama ile namba kwa muda mrefu, kwa sababu miaka minne nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nina GB 16, na nimelipia 16, na kazi yangu yote imekuwa ikifanyika ndani ya nusu yake. Niliandika lile faili kama ulivyoelekeza. Usiku wa kwanza nilijaribu kazi ya zamani ya picha 214 iliyokuwa imenishinda mwezi wa tano, na ikamaliza. Ile ya 412 bado ilikufa, ila ilivuka hatua iliyokuwa ikifia na kufika kwenye kujenga wingu la nukta, yaani umbo la shamba kwa nukta nyingi.

Fundi, kifuniko nimekifungua. Tundu ni 4 na zote zimejaa vipande vya GB 4, kwa hiyo siwezi kuongeza bila kutoa. Lakini nilichokikuta ndani lazima nikiseme. Kati ya feni na hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) kulikuwa na zulia la vumbi jekundu lililogandamana, nene kiasi kwamba nililinyanyua kwa vidole likatoka kipande kimoja chenye umbo la feni. Dirisha la chumba changu linatazama barabara ya vumbi, na kiangazi cha Julai hadi Oktoba huku kwetu mnakijua. Pesti ya kupitisha joto iliyokuwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama chaki. Kabla ya kusafisha, prosesa ilikuwa ikigusa nyuzi joto 98 wakati wa kushona na kujipunguzia kasi yenyewe. Baada ya kusafisha na kuweka pesti mpya ya elfu tano, haijavuka 76, na ile kazi ya picha 120 niliyokuwa naipigia hesabu ya saa tatu imekwisha kwa saa mbili na dakika kumi.

Mkuu wa Njombe, hesabu yako ni sahihi na kwa mashamba ya tambarare nitaifuata kuanzia wiki hii. Lakini shamba la Tukuyu ni la mteremko. Nikipaa kutoka chini na kuweka mita 60, ninapofika juu ya shamba ardhi imenipandia, na huko juu droni iko mita 35 tu kutoka kwenye miche, hivyo mpandano unapungua pale pale ninapouhitaji zaidi. Pia miche ya mteja huyu ina miezi miwili, kichwa chake ni sentimita 20 au 25, na imechanganyikana na maharage. Kwa sentimita 2.7 nitabaki na pikseli 7 hadi 9 za kijani ndani ya kijani. Naona bora nianzie mita 80 nikipaa kutoka juu ya shamba, ingawa najua upande wa chini utatoka na ubora mdogo zaidi.

Swali langu sasa limekuwa dogo kuliko nilivyoanza nalo. Je, ninunue vipande 2 vya GB 8 niwe na 24, au 4 niwe na 32?

Fundi wa Mlandege

Nunua vinne. Ukiweka viwili vya 8 na viwili vya 4 mashine itawaka na itafanya kazi, mradi uvipange kwa jozi, lakini GB 24 kwa makadirio aliyoyaleta Mwalimu inakuweka kwenye picha 370 hivi, na wewe una 412. Utarudi kununua vingine viwili mwezi ujao, na huenda visiwe vya bei ile ile. Tangu miezi ya mwisho ya 2025 RAM mpya imepanda bei sana duniani, kwa kuwa watengenezaji wakubwa wanaelekeza viwanda vyao kwenye kumbukumbu za vituo vya data vya akili bandia. DDR3 ya mtumba bado inashikika, na hapa ndipo namjibu pia ndugu wa Mafinga: ule mlango wa kwenda GB 64 za DDR4 uko wazi kweli, lakini anayepita leo analipa kiingilio ambacho kabla ya hapo hakikuwepo.

Hilo la vumbi halinishangazi hata kidogo, na nimefurahi kwamba ulilinyanyua kwa mkono wako. Nimeshapokea kompyuta tatu zilizoletwa ziuzwe kwa sababu zimezeeka, na zote zilichohitaji ni brashi na pesti. Ifanye kila mwisho wa Oktoba, kabla ya mvua.

Mkazi wa Mafinga

Sikujua suala la WSL. Kwa haki, nimekimbilia kuangalia mashine ya ofisini kwetu na nimekuta tunaishi hivyo hivyo, GB 32 zikitumika 16. Nabaki na msimamo wangu kwamba atakayepata mashamba makubwa atahitaji mashine nyingine, lakini kwa laki tano na mteja anayesubiri Jumatatu, naondoa ushauri wa kukopa.

Niongeze moja tu: umeme. Kazi ya saa kumi usiku bila UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, ni kamari. UPS ndogo haitaibeba kazi yote, inabeba dakika chache, na dakika hizo zinatosha kwa katikakatika zetu nyingi. Ikizimika kabisa, usianze upya, kwa maana WebODM inakuruhusu kuendelea kuanzia hatua iliyofikiwa.

Mwalimu wa Ramani

Na siku ekari 150 zitakapokuja, ndugu mpimaji, kuna njia kabla ya kununua. Injini ile inaweza kugawa shamba katika mafungu, kushona kila fungu peke yake na kuyaunganisha mwishoni. Chaguo linaitwa split, na unaliambia idadi ya picha kwa kila fungu. Inachukua muda mrefu zaidi kwa jumla, lakini inabadilisha tatizo la nafasi kuwa tatizo la muda, na muda wa usiku unao. Kwa GB 32 ningeweka mafungu ya picha 300. Acha mpandano wa mita 150 kati ya mafungu kama ulivyowekwa, na picha zako lazima ziwe na alama za mahali za GPS, jambo ambalo Phantom inakufanyia yenyewe.

Mpimaji wa Uyole

Wakuu, narudi na majibu.

Vipande 4 vya GB 8 vilipatikana Dar es Salaam kwa elfu arobaini na tano kila kimoja, vikaja kwa basi la usiku. Nilimwomba mtu wangu apige picha ya karatasi ya kila kipande kabla ya kulipa. Vitatu vilikuwa na herufi U, kimoja kilikuwa R, kikabadilishwa pale pale dukani. Fundi, bila onyo lako ningekipokea stendi ya Nane Nane nikiwa sina la kufanya.

Windows nimeitoa. Ubuntu nimeiweka kwenye SSD mwenyewe kwa jioni moja, nikahamishia na folda ya kazi ya WebODM kwenye SSD hiyo hiyo, haddiski ikabaki ghala la picha zilizokwisha. Kilichonisumbua ni printa tu, iliyodai programu yake, nikaipata siku iliyofuata.

Ijumaa saa moja na nusu jioni niliingiza picha 412 bila kubadilisha ubora wala kupunguza chochote. Sikulala vizuri. Saa saba usiku RAM iliyotumika ilikuwa GB 27, kiwango cha juu nilichokishuhudia, kisha nikaiona ikishuka taratibu. Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi ramani ilikuwa tayari, kutoka ukingo wa juu wa mteremko hadi kwenye kijito. Ni kama saa kumi na moja kwa jumla. Najua i7 mpya ingeifanya kwa muda mfupi zaidi, lakini hizo saa kumi na moja nilikuwa kitandani, na mteja anaamka saa mbili.

Nimemkabidhi Jumapili. Mashimo yaliyo wazi ni 163, na mengi yako kwenye kona ya kaskazini ambako maji yanatuama, jambo ambalo mwenyewe alikuwa hajaligundua kwa kutembea. Ameagiza miche 170.

Jumla nimetumia laki moja na elfu themanini na tano pamoja na pesti, bila nauli ya mzigo. Fedha iliyobaki naipeleka kwenye UPS kama alivyosema mkuu wa Mafinga, na itakayozidi naihifadhi kwa ajili ya betri ya tatu ya droni, kwa sababu sasa kinachonichelewesha kipo shambani. Vile vipande 4 vya GB 4 bado ninavyo, ni PC3-12800U na vinafanya kazi. Kama kuna shule au mwanafunzi hapa Mbeya mwenye kompyuta ya DDR3 iliyokwama kwenye GB 4, aandike hapa chini nimpelekee bure.

Ndaga fijo kwenu nyote.

Mpima Parachichi Njombe

Hongera, ndugu. Kuhusu mteremko ulikuwa sahihi, nami huku Lupembe nimekuwa nikipata mapengo upande wa juu bila kujua sababu. Nitajaribu kupaa kutoka juu ya shamba.

Mdogo wangu anasoma Mbeya na kompyuta yake ina GB 4 za DDR3, kipande kimoja. Nimemwambia aangalie karatasi kama ni U kabla hajakusumbua.